Mavuno na Majivuno

Katika mikutano ya hadhara huku Ufipa, iwe ya chama au ya serikali, kuna sentensi moja isiyokosekana: Rukwa ni ghala la taifa. Msemaji huitamka kwa sauti ya juu, hunyamaza kidogo, na makofi huitikia. Nami hupiga makofi. Naishi Katandala, mjini Sumbawanga, ambako kila msimu wa mavuno malori ya mahindi hupita yakielekea Tunduma na kwingineko, na mkazi wa uwanda huu wa baridi hahitaji kusomeshwa kwamba ardhi yake imebarikiwa. Lakini makofi yakishatulia swali hunibakia mkononi. Yule aliyetufanya tujione wakubwa kwa dakika ile moja, je, ametufanyia kazi? Kuwatia watu fahari ni miongoni mwa mambo tunayopaswa kumdai kiongozi, kama tunavyomdai barabara, dawa na haki? Au ni kitu ambacho kiongozi mwema hukipata njiani tu, bila kukitafuta?

Tuanze na maneno yenyewe, maana wasomaji wa jarida hili ni watu wa maneno. Kiswahili kimeweka fahari upande mmoja na kiburi upande wa pili, na yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu. Fahari tunaipenda: tunaivisha harusi, tunaijengea nyumba. Kiburi tunakilaani. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikuu cha kuhuisha elimu za dini, alipambanua jambo linalonisaidia hapa: kiburi hakisimami peke yake, huhitaji mtu wa pili wa kuwekwa chini, ilhali kujiona huweza kukaa na mtu hata akiwa peke yake duniani. Sikio la mshairi huongeza jirani mwingine, fahali, dume la ng'ombe. Neno hilo lina mzizi mwingine kabisa, lakini vinywa vingi vimelichanganya na fahari, na mchanganyiko huo una akili ndani yake, kwa kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Kisha kuna neno letu la Kibantu, kujivuna. Sidai kwamba limezaliwa na kuvuna. Hilo nawaachia wataalamu wa lugha. Nasema tu kwamba katika nchi ya mahindi ni vigumu kulisikia neno majivuno bila kuyasikia mavuno, na kwamba mambo haya mawili huku kwetu hayakutani kama inavyodhaniwa.

Nisije nikafahamika vibaya: si nia yangu kuibeza fahari. Mtu aliyedharauliwa ana haja ya kuinuliwa kichwa kabla hajaweza kuinua jembe. Mwezi Oktoba 1959 Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika akanena habari ya mshumaa utakaowashwa juu ya Kilimanjaro, nao ukaangaza hata nje ya mipaka. Usiku wa Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha Mwenge na bendera kileleni. Mlima haukuongezeka urefu usiku ule, wala hakuna aliyekula ugali wa mwenge. Hata hivyo, asiyeelewa kilichotendeka pale ajiulize ilikuwaje kuishi katika nchi ambayo mtu mzima aliitwa «boi» na kijana aliyemwajiri. Lakini angalia, msomaji, Nyerere alitaja nini. Miongoni mwa mambo ambayo mwanga ule ungeleta alitaja heshima, mahali palipokuwa na dharau. Hakutaja fahari. Wafasiri hupoteza usingizi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Heshima ni stahili ya mtu kwa kuwa ni mtu. Haimhitaji jirani aliye chini. Fahari huhitaji kitu cha kuonyesha, na mara nyingi huhitaji pia wa kuonyeshwa.

Sisi wa Sumbawanga tunaijua dharau kwa jina. Mtu wa hapa akisafiri hadi Dar es Salaam au kuvuka bahari hadi Unguja, akataja kwao, mwenyeji hucheka, husogea nyuma hatua moja, huuliza kama radi imekuja naye mkobani. Mji wetu umefanywa kichekesho cha uchawi cha taifa zima. Watumishi wa serikali waliopangiwa huku zamani walipokea barua zao kama wapokeao adhabu, na barabara ya vumbi kutoka Tunduma iliwathibitishia. Kwa hiyo kiongozi ajaye na kutuambia kwamba sisi ndio tunaolisha nchi hatupi maneno matupu. Anatibu kidonda. Mtu ambaye hajawahi kuchekwa kwa sababu ya mahali alipozaliwa asiharakishe kuyadharau makofi yetu.

Na sifa yenyewe ina asili ya kweli. Haikushuka na kipaza sauti. Kabla ya ukoloni Wafipa walikuwa na namna yao ya kulima: nyasi hufunikwa chini ya udongo katika matuta ya duara, huozea humo, na ardhi isiyo na rutuba nyingi hulisha watu bila kuhamwa kila miaka michache. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Ufipa, aliye mbali na soko kuliko wote, akalipwa sawa na yule wa jirani na reli, na gharama ya usafiri ikabebwa na umma. Mbolea nayo ikapunguzwa bei. Ndipo Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilipoanza kutajwa pamoja kama mikoa minne mikuu ya mahindi. Mpango ule ulikuwa mzigo mkubwa kwa hazina, na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yaliuondoa. Wachumi wamebishana juu yake na wataendelea. Ninachotaka kionekane ni kwamba waliobuni bei ile hawakuwa wakitafuta kututia fahari. Walikuwa wakitafuta mahindi. Fahari ilikuja nyuma ya gunia, kama harufu ya mkate inavyokuja nyuma ya tanuri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Katika nchi nzima asilimia 34 walikuwa wamedumaa. Katika Rukwa walikuwa asilimia 56, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote mwingine. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 uliikuta nchi imeshuka hadi asilimia 30, nayo Rukwa ikiwa karibu na asilimia 50. Iringa na Njombe, mikoa mingine ya shibe, zilikuwa zimetupita. Soma tena majina hayo. Ni ghala lilelile. Mikoa inayovuna kuliko mingine ndiyo yenye watoto wafupi kuliko wengine, na ufupi huo si wa kimo tu, kwa sababu mwili unaponyimwa katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba hadi mwaka wa pili, akili nayo hunyimwa, na hasara hiyo hailipiki baadaye hata kwa sahani zilizojaa.

Sababu zake wauguzi wanazijua. Ugali wa sembe hujaza tumbo bila kujenga mfupa. Maharage yamo shambani, karanga zimo, dagaa na migebuka hutoka Ziwa Tanganyika, lakini vingi vya hivyo huuzwa kwa kuwa ndivyo viletavyo fedha. Mama hushinda shambani katika msimu uleule ambao mtoto mchanga anahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku. Wapo wasichana wanaozaa kabla miili yao haijamaliza kukua. Maji si safi, mtoto huharisha, na alichokula hakikai. Hakuna hata moja katika hayo linaloondolewa kwa kuvuna gunia moja zaidi la mahindi.

Na udumavu una ujanja wake: hauonekani. Mtoto aliyekonda kwa njaa humtisha kila apitaye. Aliyedumaa huonekana mzima, mnene kiasi, mchangamfu. Mama humlinganisha na mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani ni mfupi vilevile. Lazima kuwe na kibao cha kupimia na mtu wa kusoma namba. Basi weka kando ya mama huyo jukwaa, na juu ya jukwaa mtu anayemwambia kwamba yeye ni raia wa ghala la taifa. Maneno hayo hayamdanganyi kuhusu mahindi. Yanamdanganya kuhusu nyumba yake. Yanamwambia kwamba hapa shida haipo. Na akija kuambiwa kliniki kwamba mwanawe hakukua, atahitimisha nini ila kwamba kosa ni lake, kwamba katika nchi ya shibe yeye peke yake ndiye aliyeshindwa kulisha? Aibu ambayo ingebebwa na mkoa mzima, na halmashauri zake, na bajeti zake, inamwangukia mwanamke mmoja aliyekaa kwenye benchi la zahanati. Huo ndio uzito ninaouona katika swali hili.

Kiongozi akishaifanya fahari kuwa lengo, kila kinachoaibisha hugeuka adui wa lengo hilo. Hahitaji kuwa mtu mbaya. Inatosha awe na bidii. Mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Takwimu hata ikawa jinai kusambaza takwimu zenye kukanusha zile za serikali. Kelele zikapigwa ndani na nje, na mwaka 2019 kifungu kile kikalegezwa. Mwishoni mwa Aprili 2020 tuliacha kutangaza idadi ya wagonjwa wa korona, na tukaanza tena mwaka uliofuata chini ya rais mwingine. Miaka hiyohiyo tulikuwa tukishangilia ndege mpya za taifa, zile za kwanza zilizotua mwaka 2016 na ile kubwa ya mwaka 2018, na tukaambiwa mwaka 2020 kwamba nchi yetu imeingia katika uchumi wa kati. Hayo hayakuwa uongo. Ndege zilitua kweli, na mzee asiyetarajia kupanda ndege maisha yake yote alifurahi kuiona bendera yake ubavuni mwa chombo. Siinyimi haki furaha hiyo. Nasema tu kwamba mkono ulioinua bendera na mkono uliofunika namba ulikuwa wa mwili mmoja, na sidhani kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Ng'ambo ya ziwa letu, mkabala na Kirando na Kasanga, jambo hili lilifikishwa hadi mwisho wake. Mobutu aliibadilisha Kongo jina ikawa Zaire mwaka 1971, mwaka uliofuata akawaamuru raia waache majina ya Kikristo, suti na tai zikapigwa marufuku, na Oktoba 30, 1974 dunia nzima ilielekeza macho Kinshasa kumtazama Muhammad Ali akimwangusha George Foreman. Hakuna Mwafrika wa rika langu asiyelijua pambano lile. Fahari ya Wakongo usiku ule ilikuwa halisi, na ilistahili: nchi iliyoteswa na Leopold ilikuwa na deni kubwa la kuinuliwa kichwa. Lakini mtawala alikuwa amegundua kwamba deni hilo laweza kulipwa kwa sherehe, na kwamba sherehe ni rahisi kuliko hospitali. Alipokimbia Mei 1997, barabara zilikuwa zimekwisha kuliwa na msitu, na watu wa mashariki ya Kongo walikuwa wakivuka ziwa kwa mashua kuja kwetu kutafuta usalama. Majina ya Kiafrika walikuja nayo. Ndiyo waliyobakiziwa.

Wasomaji wa visiwani wana mfano wao, mzuri zaidi kwa sababu vitu viwili vilifanywa na mtu mmoja. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888 baada ya kupata kuishi uhamishoni Bombay, alijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, jumba la kushangaza wageni, na jina lake linakiri hivyo bila haya. Mtawala huyohuyo aliyaleta mjini maji safi kutoka chemchemi ya Chemchem. Jumba lilijengwa ili litazamwe. Maji yaliletwa ili yanywewe. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilizipiga nyumba za kifalme za ufukoni, na Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya jumba iliporomoka wakati likikarabatiwa, watu wawili wakafa. Naliomboleza jumba lile kama mlivyoliomboleza ninyi. Mji bila kitu cha kutazamwa ni mji maskini, na ushairi wenyewe ni kitu cha kutazamwa. Illa nauliza: katika karne ile ya kipindupindu, mama wa Mji Mkongwe aliyechota maji yasiyomuua mwanawe, alihitaji kuambiwa ajivunie nini?

Yupo atakayenijibu, na jibu lake lina nguvu: aibu nayo haijengi. Kwa miaka mingi wataalamu wamekuja Rukwa na vibao vyao vya kupimia, wakatuambia hatujui kula, wakaondoka. Watu wanaokemewa hujikunyata. Ni kweli, na kiongozi asiyejua kusema ila makosa yetu hatatufikisha popote. Watu huweza kulitazama jambo baya ikiwa tu wamesimama juu ya jambo jema. Ndiyo sababu nasikitika kwamba fahari tunayouziwa majukwaani ni ya gunia tupu, hali tunayo nyingine iliyo bora na isiyotajwa. Katika Ufipa yamesimama mabaki ya malungu, tanuri za udongo zenye urefu upatao mita tatu, ambamo babu zetu waliyeyusha mawe ya chuma bila kuvukuta, kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha wakakisafisha chuma kile katika tanuri ndogo kwa mivukuto, wakafua majembe. Profesa Bertram Mapunda ameziandikia kwa kina. Kazi ile ilikufa katika zama za ukoloni, jembe la kiwandani lilipokuja. Sijasikia hotuba hata moja ya kisiasa iliyoyataja malungu. Huenda kwa sababu hayamsifu yeyote aliye hai.

Wafipa wana pia masimulizi ya zamani, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyaandika, kuhusu mtawala wa Milansi aliyekwenda kuwinda akamwachia mkewe kigoda cha enzi. Wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Watwa, wakakidai kigoda, na mke akawapa. Mume aliporudi alikuta ufalme umeondoka. Alichoweza kufanya ni kukubaliana nao: wao watawale nchi, yeye abaki na kijiji chake na ukubwa wa kimila. Wenye fahari wangeisimulia hadithi hiyo kwa kuificha au kwa kuigeuza kuwa vita vya kishujaa. Wafipa waliisimulia kama ilivyo, kizazi baada ya kizazi, na Milansi iliheshimiwa.

Hata jina la mji wetu ni la namna hiyo. Sumbawanga, kwa Kifipa, ni amri: tupa uchawi. Wanaotucheka husikia neno la pili tu, uchawi, na viongozi wetu wakiona haya hutamani tusiulizwe maana yake. Lakini jina zima linakiri ubaya uliopo na papo hapo linaamuru utupwe. Lau mji ule ungeanzishwa leo na kamati ya sherehe, ungeitwa Fahari, au Neema, na anayeingia asingejua aache nini mlangoni.

Kuna jambo moja la serikali ninalotaka kulisifu kabla sijaweka kalamu, ingawa halipigiwi makofi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri hupimwa kwa fedha zilizotengwa kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano na kwa kilichofanyika nazo. Ni karatasi kavu, lugha yake haina vina. Kiongozi aliyeitia saini amekubali kuhukumiwa kwa kitu kinachomwaibisha, mbele ya wenzake, kila mwaka. Ningependa Mwenge utakapopita tena mjini kwetu, ukielekezwa kwenye majengo ya kuzinduliwa kama ilivyo desturi, upelekwe pia kwenye zahanati siku ya kupima watoto. Mkimbiza Mwenge asome kwa kipaza sauti kilekile idadi ya magunia yaliyovunwa na idadi ya watoto waliokutwa chini ya mstari, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kisha tuone watu watapiga makofi mahali gani.